Niliandika "miaka mitatu" bila kusoma lebo, chupa ikanirudia

Wafanyabiashara wenzangu, leo nawapa kosa langu ili lisiwakute na nyie.

Nauza vinywaji mtandaoni. Oda napokea WhatsApp, mzigo unaenda na boda. Mwaka jana nikaposti tequila moja ya rangi ya dhahabu, lebo imeandikwa "añejo". Mimi nikaandika: "Imekaa kwenye pipa miaka mitatu, laini kama asali." Miaka mitatu niliitoa wapi? Kichwani. Hata kuionja nilikuwa sijaionja.

Mteja akamnunulia bosi wake zawadi. Kumbe bosi anaijua tequila. Kesho yake ujumbe ukaingia: "Dada umeniaibisha, mbona lebo haisemi miaka mitatu?" Nikarudisha hela yote, chupa ikarudi imeshafunguliwa. Nikasema basi, hii ndiyo shule yangu.

Anza na lebo

Tequila inatoka Mexico na sheria zake ziko wazi. Reposado imekaa kwenye mwaloni angalau miezi 2. Añejo angalau mwaka 1, kwenye pipa lisilozidi lita 600. Miaka 3 ni ya extra añejo. Nilikuwa nimempandisha mtu daraja bila mtihani!

Tafuta pia "100% agave". Maana yake sukari yote iliyochachushwa imetoka kwenye agave ya bluu, ndugu wa mkonge wetu wa Tanga. Bila maneno hayo, hadi 49% ya sukari inaweza kutoka kwingine, kwa mfano kwenye miwa. Kuna na namba ya NOM, tarakimu 4, inayoonyesha kiwanda kilikotengenezwa.

Rangi isikudanganye

Sheria inaruhusu kuongeza karameli ya rangi, sharubati ya sukari, gliserini na dondoo la mwaloni, mradi visizidi 1% ya uzito. Kwa hiyo weusi wa kinywaji si cheti cha umri.

Kuonja kwenyewe

Tumia glasi ya mvinyo, mimina kidogo, iache dakika kumi. Ndimu, chumvi na barafu weka pembeni, vinaficha ladha. Usizamishe pua, pombe itaichoma. Nusa kwa mbali, mdomo wazi kidogo, halafu sogea taratibu.

Funda la kwanza ni la kuzoesha ulimi, hukumu toa kwenye la pili. Lizungushe mdomoni, meza au tema, kisha toa pumzi. Unatafuta vitu viwili: mmea na pipa. Agave iliyopikwa inanikumbusha kiazi kitamu cha kuchoma, na pilipili manga kidogo. Pipa linaleta vanila, karameli, mdalasini, harufu ya mbao. Nzuri ni ile ambayo pipa halijaumeza mmea.

Nikanunua na toti moja ya nyeupe ya kampuni hiyohiyo, nikaziweka pamoja. Hapo ndipo nilipoelewa. Kwenye nyeupe agave ilijaa mdomo. Kwenye ile añejo ilikuwa vanila na utamu unaonata midomoni, agave kwa mbali sana. Sisemi imeongezwa kitu, ulimi peke yake si ushahidi. Ila "laini kama asali" haikumsaidia mteja kuchagua.

Posti mpya

Nikaandika: "Añejo, angalau mwaka 1 kwenye mwaloni. Tamu, vanila imetangulia, agave kwa mbali. Ukipenda ladha ya agave yenyewe, chukua nyeupe. Miaka 18 kwenda juu tu."

Chupa mbili zilizobaki zikatoka kwa bei ileile, na hakuna aliyelalamika. Yule mteja wa kwanza hajaagiza tena mpaka leo, na simlaumu.

Sasa nikuulize: kwenye ukurasa wako kuna bidhaa gani unaisifia na hujawahi kuijaribu mwenyewe?