Apolo alikuwa na masomo, na alikubali kusahihishwa

Ndugu na dada wenye kumaliza masomo, leo sitaki kuwaelezea dawa ya viwavi. Tuongee juu ya makosa. Sisi wenye diplome tuko na shida moja: mutu akitukosoa, tunauliza kwanza yeye alisomea wapi.

Mi mwenyewe nilianguka hapo. Mvua za kwanza za mwezi wa 11, katika mashamba ya pembeni ya Likasi, nilikuwa nafundisha kikundi cha bamama kupanda mahindi. Wingu lilikuwa jeusi, tulikuwa na haraka. Nikawaambia: tieni angre na mbegu ndani ya shimo moja, mufunike. Nilisahau kusema kwamba lazima udongo utenganishe vile viwili, ao angre iwe kando, hata vidole vitatu hivi. Ile angre ni chumvi. Ikigusa mbegu inaivutia maji, na muzizi mudogo unaungua mbele jani halijatoka.

Siku 10 kisha, mashimo mengi yalikuwa matupu. Kwenye mukutano mama mumoja akasimama: "Bwana agronomu, angre njo imeunguza mbegu." Mbele ya watu wote! Nikajibu mbio: "Hapana mama, mbegu zenu zilikuwa za zamani." Ni jibu la Adamu lile, kusukumia mwingine. Usiku usingizi ulinikimbia. Asubui nikarudi peke yangu, nikafukua mashimo. Mbegu zilikuwa zimevimba, ncha ya muzizi imekuwa kahawia. Mama alisema kweli.

Hapo nikakumbuka Apolo, Matendo sura ya 18. Mutu wa Aleksandria, anajua Maandiko sana, anajua na kuongea. Lakini ubatizo aliojua ulikuwa ule wa Yohana tu. Kule Efeso wakamusikia Priskila na Akila, watu wa kushona mahema. Hawakumukatiza mbele ya watu, walimuchukua kando wakamuelezea vizuri zaidi. Na yeye, pamoja na masomo yake yote, akapokea fundisho la washonaji. Kisha ndugu wakamuandikia barua ili apokelewe Akaya, na kule akasaidia waamini sana. Kosa halikumaliza kazi yake.

Mwingine ataniambia: lakini yule mama hakukuchukua kando. Ni kweli, na iliniuma. Lakini namna alivyosema ni jambo lake. Maneno yake kama ni ya kweli, hilo ni jambo langu. Nikingojea kila mutu anikosoe kwa upole, mashimo yatabaki matupu.

Tena kuomba musamaha kwa mudomo tu haitoshi, kama kosa lako limekula mali ya watu. Zakayo, Luka sura ya 19, alitaja kabisa atarudisha mara ngapi: mara ine. Mi mara ine sikuweza. Nilinunua mbegu kwa franga zangu, nusu juma lile, nusu mwisho wa mwezi, nikasimama mbele ya kikundi kilekile nikasema: mimi njo nilikosa, si mbegu. Miguu ilikuwa inatetemeka, siwafichi. Tulipanda tena katikati ya mwezi wa 12. Ni kuchelewa, na mavuno yalipunguka. Hiyo sikuweza kuirudisha.

Mahindi yalipofika kwa magoti, wakati wa kutia urea, yule mama akaja kuniuliza tuiweke mbali gani na shina. Nikamuonyesha. Kisha nikamuuliza yeye anaonaje.