Pandikiza, kipandikizi, pandikizi: maneno ya vifaa vya mwanga ndani ya ubongo

Kitenzi pandikiza kimenyambuliwa kutokana na panda, na maana yake ya msingi ni ya shambani: kung'oa mche kitaluni na kuupanda mahali pengine. Ndiyo maana inayosikika katika majaruba ya mpunga ya Mbarali, mkoani Mbeya. Wakulima wa parachichi wa Rungwe, ambao huunganisha kikonyo cha mti mmoja na shina la mwingine, wana neno jingine: kubebesha. Shamba limeyatenganisha matendo hayo mawili, hospitali haijayatenganisha.

Mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza upandikizaji wa figo na pia upandikizaji wa vifaa vya usikivu. Figo hutoka kwa mtu mwingine, kifaa hutoka kiwandani, lakini neno ni moja. Wanawake wanaotumia uzazi wa mpango wamejitatulia kwa kusema kijiti.

Utata huo unazidi kwa vifaa vinavyoingizwa ubongoni: nyuzi nyembamba za kioo au vitaa vinavyopeleka mwanga kwenye seli za neva, na kamera ndogo zinazopiga picha za seli hizo zikiwa kazini. Kwa kawaida seli hizo haziitikii mwanga. Hupewa kwanza jeni ya protini kutoka kwenye mwani wa kijani, njia iliyoelezwa mwaka 2005 na Edward Boyden, Karl Deisseroth na wenzao. Tishu ya ubongo huutawanya mwanga, ukafifia upesi, na ndiyo sababu mara nyingi kifaa huingizwa ndani. Hadi sasa kazi nyingi hufanywa kwa panya wa maabara, na kifafa ni miongoni mwa maradhi yanayochunguzwa.

Kifafa si habari ya mbali katika Nyanda za Juu Kusini, ambako nguruwe hufugwa sana na lava wa tegu wa nguruwe akifika ubongoni huweza kukisababisha. Mzazi wa Iringa akikuta maneno "mwanga ndani ya ubongo", aelewe nini? Mwanga wa ngeli ya m-mi ni nuru. Mwanga wa ngeli ya m-wa, wingi wanga, ni mchawi wa usiku. Upatanisho huonyesha tofauti (mwanga unaingia, mwanga anaingia), ila kichwa cha habari kisicho na kitenzi huificha, nao ugonjwa huu umekwisha kuhusishwa mno na uchawi. Heri kuandika "kifaa kinachotoa mwanga".

Hatari zaidi ni pandikizi, bila ki-. Katika siasa ni mtu aliyepenyezwa chamani awapeleleze wenzake. Kifaa kinachopiga picha ndani ya kichwa kikiitwa hivyo, kimekwisha kuhukumiwa. (Pandikizi la mtu, yaani jitu kubwa, ni maana nyingine kabisa.)

Inafaa basi pandikiza ibaki kwa kiungo, na kwa kifaa isemwe wekewa: "mgonjwa amewekewa kipandikizi", kama vile mama alivyozoea kuwekewa kijiti. Anayeombwa ridhaa ana haki ya kujua kama kinachoingia mwilini mwake ni waya au ni nyama ya mtu mwingine. Jeni ya mwani nayo, ambayo hufikishwa ndani ya seli na virusi vilivyoondolewa uwezo wa kuzaliana, haiwekwi wala haipandikizwi. Seli hubaki ileile, ila imebeba kitu cha kiumbe kingine. Hapo neno la Rungwe, kubebesha, lafaa kuliko yote yaliyokwisha kupendekezwa mezani.