Mwendo wa Pweza na Thamani ya Pango Lake

Pweza wa miamba ya Afrika Mashariki, ambaye wataalamu humwita Octopus cyanea, hana mfupa hata mmoja mwilini. Hata hivyo anazo njia mbili za kusafiri: kuogelea na kutambaa.

Kuogelea kwake hufuata kanuni ile ile irushayo roketi. Matumbo yake yamefunikwa na mfuko wa misuli. Mfuko huo utanukapo hujaa maji. Ujikazapo, maji hutoka kwa nguvu katika mrija mwembamba, naye pweza husukumwa upande wa pili. Kwa kuwa mrija hugeuzika, aweza kuchagua mwelekeo. Lakini akimbiapo, kwa kawaida hutanguliza mwili na kukokota nyuma minyiri yake minane.

Mwendo huo ni wa kasi, ila gharama yake ni kubwa. Pweza ana mioyo mitatu: miwili husukuma damu katika matamvua, na wa tatu huipeleka mwilini. Aogeleapo kwa kasi, moyo huo wa tatu husimama. Tena, damu yake hubeba oksijeni kwa shaba badala ya chuma, na uwezo wake ni mdogo kuliko wa damu ya samaki. Ndiyo sababu huchoka upesi.

Kwa hiyo shughuli za kila siku huzifanya kwa kutambaa. Vikombe vya minyiri hushika mwamba, kisha mnyiri hurefuka na kuusukuma mwili. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Yerusalemu walieleza kwamba mwendo huo hauna mpigo maalumu: pweza huchagua tu mnyiri utakaosukuma, na huweza kwenda upande wowote bila kugeuza mwili.

Mnyama asiyeweza kukimbia mbali hulitegemea pango lake. Wavuvi wanalijua jambo hili. Maji ya bamvua yakupwapo, humtafuta mashimoni kwa kijiti. Lakini avunjaye tumbawe kwa mtaimbo ili ampate pweza mmoja, huwaondolea makao wote ambao wangefuata. Kinyume chake, mwaka 2004 wanakijiji wa Andavadoaka, Madagaska, walifunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, na baadaye vijiji vya Zanzibar navyo vilijaribu njia hiyo. Pweza hukua upesi. Akiachiwa pango lake na muda mfupi, humlipa mvuvi kwa uzito.