Noti Iliyosema kwa Hati Tatu

Leo ukiwa Takaungu, unamtumia mwanao Mombasa karo kabla chai haijapoa. Miaka mia iliyopita, kujua tu pesa uliyoshika ni kiasi gani ilikuwa kazi.

Mwaka 1920, rupia iliondolewa Kenya ikaletwa florini. Watu hawajaizoea, mwaka uliofuata zikachapishwa noti za shilingi. Rupia moja ikahesabiwa shilingi mbili. Mtoaji alikuwa Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London mwaka 1919.

Noti hizo zilikuwa na picha ya Mfalme George wa Tano. Lakini tazama maandishi: thamani iliandikwa kwa Kiingereza, kwa hati ya Kiarabu na kwa Kigujarati. Mzee aliyesoma chuoni na mwenye duka Mhindi, kila mmoja aliweza kujisomea bila kuuliza mtu.

Ng'ambo ya maji mambo yalikuwa mengine. Zanzibar ilibaki na rupia yake hadi mwaka 1936, ilipobadilishwa kwa shilingi moja na nusu. Tuseme nahodha wa Takaungu alikuwa na rupia 20 za Unguja. Akikumbuka hesabu ya zamani ya Kenya, angengoja shilingi 40. Haki yake ilikuwa 30. Na asiyejua hesabu kabisa angepewa 20, akashukuru, akaenda zake.

Sasa, karatasi ile ilipata wapi thamani? Bodi iliweka akiba yake London kwa pauni, na noti zilisimama juu ya akiba hiyo. Pesa iliyo kwenye simu yako nayo haielei hewani: kiasi hicho hicho huwekwa benki, katika akaunti ya amana.

Kwa hiyo wateja wetu, fanyeni kama mzee yule wa chuoni. Kabla ya kubonyeza, soma jina na kiasi. Ukiambiwa umetumiwa pesa kimakosa, usirudishe kwa kuamini ujumbe tu. Angalia salio lako kwanza. Kama huoni vizuri, mpe mtu unayemwamini akusomee, lakini namba ya siri usimpe, hata akiwa wakala.

Noti inaweza kuchakaa na mfalme akabadilika. Anayesoma pesa yake mwenyewe hapunjwi kirahisi.