Dhahabu na Maradhi ya Saratani

Wasomaji wetu wakaao Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, wamekithiri kuniuliza kama ni kweli dhahabu yatibu saratani, na baadhi yao wameniletea vichupa vya maji mekundu ambayo wauzaji wadai kuwa ni dhahabu tupu, na kwamba mgonjwa akinywa kijiko asubuhi na jioni hana haja tena ya hospitali. Hasha! Dhahabu ya pete na kipuli, na hata vumbi lake lililotawanywa majini yakawa mekundu, haijathibitika kumponya saratani mtu yeyote. Inayochunguzwa na wataalamu ni ile iliyounganishwa na fosforasi na salfa, mathalani auranofini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1985 kwa baridi yabisi, maradhi ambayo tabibu Mfaransa Jacques Forestier aliyatibu kwa chumvi za dhahabu tangu mwishoni mwa miaka ya 1920.

Seli ya saratani, madhali yakua kwa pupa, huzalisha ndani yake sumu nyingi za oksijeni, ambazo zingeliiua lau si kimeng'enya kiitwacho thioredoksini ridaktesi, kinachosaidia kuzituliza. Na kimeng'enya hicho kina nchani mwake chembe moja ya seleni, nayo dhahabu huipenda seleni kupita hata salfa, basi dawa iingiapo mwilini huvuliwa viambata vyake, dhahabu ikaing'ang'ania ncha ile, kimeng'enya kikafa ganzi, na seli ikahilikishwa na sumu yake yenyewe. Tazama hekima iliyomo! Platinamu ya sisplatini, dawa ya saratani iliyoidhinishwa tangu 1978, hushambulia DNA. Dhahabu yapita mlango mwingine, ndiyo maana katika maabara imeua hata seli zilizokwisha kuizoea platinamu. Hapo jirani, katika Chuo Kikuu cha Antwerp, watafiti walieleza mwaka 2021 jinsi auranofini iuavyo seli za saratani ya mapafu zenye jeni ya p53 iliyoharibika.

Hata hivyo, maabara si wodi, na auranofini haijaidhinishwa kutibu saratani. Mwenye uvimbe na amwone daktari mapema. Mjini hapa ipo Taasisi ya Jules Bordet, Anderlecht, hospitali ya saratani. Anayemzuia mama mwenye uvimbe wa titi kwa vichupa, hadi maradhi yakaenea mifupani, amemdhulumu uhai wake. Wala auranofini yenyewe mtu asijinunulie: huharisha, hutoa vipele, na huweza kudhuru figo na damu, hata aliyeandikiwa kwa baridi yabisi hupimwa damu na mkojo kila mwezi, vipimo ambavyo muuza maji mekundu hana wala havitaji.