Kula na Kunywa Mbeya na Iringa: Haki na Tahadhari za Mlaji

Katika lugha ya sheria zetu, mtu anunuaye bidhaa au huduma yoyote huitwa mlaji, hata kama alichonunua ni bati, redio au jozi ya viatu. Neno hilo lina hekima yake. Hakuna mahali ambapo mnunuzi humwamini muuzaji kuliko mezani. Bati bovu hurudishwa dukani. Chakula kibovu kikishamezwa hakirudishwi. Ndiyo maana tumeona vema kuwaandalia wakazi na wageni wa Mbeya na Iringa maelezo haya kuhusu kula na kunywa nje ya nyumbani.

Hatukusudii kumtia mtu hofu. Nyanda za Juu Kusini ni ghala la taifa. Mchele wa Kyela na wa Mbarali, ndizi na parachichi za Rungwe, viazi, maharage, mboga mbichi, maziwa na samaki wa Ziwa Nyasa na wa Mtera vyote hupatikana kwa wingi katika miji hii miwili. Mwenye kujua anachokitazama hula vizuri na kwa bei ya haki.

Kuchagua mahali

Chakula huuzwa na mama lishe kandokando ya Soko Kuu la Iringa, Mwanjelwa na Soweto jijini Mbeya, katika hoteli za stendi, katika migahawa ya mjini na katika baa. Bei ndogo si dalili ya uchafu, wala kitambaa cheupe mezani si hakikisho la usafi. Tunakushauri utazame mambo machache kabla ya kuketi.

Kwanza, pana maji tiririka na sabuni ya kunawia? Beseni moja la maji linalopitishwa kutoka mteja hadi mteja huosha mikono ya wa kwanza na kuwachafua waliobaki. Pili, apakuaye chakula ndiye apokeaye fedha? Noti hupita katika mikono mingi, na mkono huohuo haupaswi kugusa chapati yako. Tatu, vyombo husuuzwa kwa maji safi au huchovywa tu katika ndoo iliyokwisha kuwa na utando wa mafuta? Nne, chakula kimefunikwa na kingali cha moto? Mahali penye wateja wengi mara nyingi pana faida moja ya wazi: chakula hakipati muda wa kulala.

Wahudumu wa chakula wanatakiwa kupimwa afya na kuwa na vyeti. Una haki ya kuuliza, na swali la heshima halimvunjii mtu hadhi. Kusema, "Samahani mama, maji haya ya kunywa yamechemshwa?" ni maneno ya kawaida, na mama lishe aliye makini atakujibu bila kukasirika.

Baridi si jokofu

Mwezi wa Juni na wa Julai, usiku wa Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10 za selisiasi. Wengi hudhani kwamba katika baridi hiyo chakula hakiharibiki. Dhana hiyo ina hatari. Vijidudu huongezeka katika chakula kilicho kati ya nyuzi 5 na 60, na sufuria iliyofunikwa jikoni, karibu na mkaa unaozimika, hukaa katika kiwango hicho kwa saa nyingi. Wali unahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa baadhi ya bakteria hutengeneza mbegu zinazostahimili kuchemshwa. Wali ukiachwa uvuguvugu, mbegu hizo huamka na kutoa sumu ambayo haiondoki hata kiporo kikipashwa moto. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Ukiletewa wali wa uvuguvugu saa tisa alasiri, uliza ulipikwa saa ngapi.

Mwinuko na sufuria

Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa zaidi ya mita 1,500. Kadiri tunavyopanda juu, mgandamizo wa hewa hupungua na maji huchemka mapema. Dar es Salaam maji huchemka kwa nyuzi 100. Hapa huchemka kwa nyuzi 94 au 95 hivi. Maji hayo bado huua vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo, ilimradi yafikie kutokota kwa nguvu na kuachwa yatokote dakika moja hadi tatu. Maji yaliyoanza kutoa moshi tu hayajachemka.

Tofauti hiyo huonekana zaidi katika maharage na makande, ambayo huku huchukua muda mrefu kuiva. Mpishi mwenye haraka, au anayebana mkaa, hushawishika kuyaepua mapema. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo huvunjwa na mchemko wa nguvu. Yasipoiva huleta kichefuchefu, kutapika na kuharisha katika saa chache. Harage likiwa gumu katikati, liache na umweleze mpishi.

Nyama ya nguruwe na tegu

Tunalieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu madhara yake ni makubwa na wengi hawalifahamu. Nyama ya nguruwe, iitwayo kitimoto, hupendwa sana katika miji hii. Tafiti zilizofanywa katika maeneo ya Mbeya, Mbozi na Iringa zimethibitisha kuwapo kwa tegu wa nguruwe. Mnyama huambukizwa anapoachwa azurure na kula kinyesi cha binadamu mwenye tegu. Mwilini mwake mayai hugeuka vifuko vidogo vyeupe ndani ya nyama.

Mtu anayekula nyama hiyo bila kuiva hupata tegu tumboni. Huo ni ugonjwa, lakini mara nyingi si mzito, nao hutibika. Hatari kubwa ni ya hatua inayofuata. Mwenye tegu hutoa mayai katika choo chake. Asiponawa kwa sabuni, huyapeleka katika chakula anachokiandaa. Anayemeza mayai hayo hupata vifuko katika mwili wake mwenyewe, na vikifika kwenye ubongo huleta maumivu makali ya kichwa na kifafa. Maana yake ni kwamba hata mtu ambaye hajawahi kuonja nyama ya nguruwe maishani anaweza kupata kifafa hicho, kwa sababu ya kachumbari iliyokatwa kwa mikono isiyonawa au mboga iliyomwagiliwa maji machafu. Kifafa cha namna hii hakitokani na kurogwa wala laana; kina chanzo, kina kinga, na mgonjwa anastahili kupelekwa hospitalini.

Kwa hiyo, agiza kitimoto mahali ambapo nyama ina muhuri wa mkaguzi. Omba ikatwe vipande vidogo, kwani pande kubwa huungua nje na kubaki bichi ndani. Ukikuta wekundu katikati au majimaji ya damu, irudishe jikoni. Kachumbari usiyo na hakika nayo iache, uchague mboga iliyopikwa au tunda unalolimenya mwenyewe.

Ulanzi, komoni na vinywaji vya chupa

Ulanzi, unaogemwa katika mianzi wakati wa mvua, ni fahari ya Iringa. Ukiwa mpya huwa mtamu. Ukikaa huchacha wenyewe na kuwa mkali siku kwa siku. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na onyo hilo linamhusu mnywaji wa ulanzi moja kwa moja: maji yanayoongezwa njiani huenda yametoka mtoni. Tazama pia dumu. Dumu lililowahi kubeba dawa ya kuulia wadudu au mafuta ya mitambo halifai kwa kinywaji, hata likioshwa mara kumi. Katika vilabu vya komoni, omba chombo chako mwenyewe badala ya kupokezana kikombe kimoja.

Gongo ni haramu kisheria, na si kwa sababu ya kodi pekee. Pombe iliyokenekwa kienyeji yaweza kuwa na methanoli, ambayo hupofusha na kuua. Mtu aliyekunywa kisha akaona ukungu machoni apelekwe hospitalini mara moja, asilazwe nyumbani "pombe imtoke". Pombe kali ya viroba ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Machi 2017; ukiuziwa, ujue umeuziwa bidhaa isiyo halali. Kwa bia, mvinyo na pombe kali za chupa, tazama stempu ya kodi ya kielektroniki iliyoanza kutumika mwaka 2019. Unaweza kuithibitisha kwa simu kupitia programu ya Hakiki Stempu. Kwa maji ya chupa, tafuta alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) na tarehe ya mwisho wa matumizi, na hakikisha unavunja kizibo wewe mwenyewe.

Bei, mizani na risiti

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bei, ubora au asili ya anachouza. Wali ulioandikwa kuwa ni wa Kyela uwe wa Kyela. Kuku aliyeandikwa kuwa wa kienyeji awe wa kienyeji. Uliza bei kabla ya kupakuliwa, na uulize kama inajumuisha Kodi ya Ongezeko la Thamani.

Nyama choma huuzwa kwa kilo ya nyama mbichi. Shuhudia ikipimwa katika mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo, ukihakikisha kwamba mshale umeanzia sifuri. Usishangae ikirudi ndogo: nyama ikichomwa hupoteza maji na mafuta, mara nyingi robo hadi theluthi ya uzito wake. Ikirudi nusu, una sababu ya kuuliza.

Ukilipa, dai risiti ya mashine ya kielektroniki pale inapotakiwa, na usome kiasi kilichoandikwa. Risiti ndiyo ushahidi wako. Kwa mama lishe asiyelazimika kuwa na mashine, kumbuka mahali, siku na saa.

Abiria wa Barabara Kuu ya Tanzania na Zambia wana tatizo lao. Basi husimama kwenye hoteli moja tu, dakika ni chache, na bei hutajwa sahani ikiwa tayari mkononi. Hulazimiki kula hapo. Ndizi mbivu, yai la kuchemsha lenye ganda lake, karanga na maji kutoka nyumbani humfikisha msafiri salama zaidi kuliko mchuzi ulioliwa kwa kukimbizana na honi.

Ukipata madhara au ukidhulumiwa

Anza kwa kuzungumza na mwenye biashara kwa utulivu. Makosa mengi hurekebishwa papo hapo. Isipowezekana, suala la usafi lipeleke kwa Afisa Afya wa kata au wa halmashauri, la mizani kwa Wakala wa Vipimo, la alama ya ubora na usalama wa chakula kwa TBS, na la udanganyifu wa bei au bidhaa bandia kwa Tume ya Ushindani. Ukiugua, nenda kituo cha afya kwanza, ueleze ulikula nini, wapi na saa ngapi, na waliokula pamoja nawe. Taarifa ya mgonjwa mmoja yaweza kuonekana ndogo. Zikifika tatu kutoka jiko moja, maafisa hujua pa kwenda kabla ya wa nne kuugua.

Tunamalizia kwa kuwakumbusha walaji kwamba mama lishe mwaminifu ananufaika na maswali yao. Aliyenunua sabuni, akachemsha maji na kusubiri maharage yaive ametumia fedha na mkaa ambao jirani yake hakutumia. Mteja asiyeuliza chochote huwalipa wote wawili sawasawa. Mteja anayetazama na kuuliza humlipa yule aliyestahili.