Je, Wajua? Jumba la opera la Waitaliano lililoangukia mikononi mwa Waeritrea

Je, wajua kwamba jumba la opera la Kiitaliano lipo hapahapa Afrika Mashariki? Liko Asmara, mji mkuu wa Eritrea, kwenye barabara kuu ya Harnet. Lilijengwa kati ya 1918 na 1920 kwa mchoro wa mhandisi Odoardo Cavagnari. Asmara iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Ibaba, kusini-magharibi mwa Tanzania, aliyezoea baridi ya milima ya Bundali, angefika kule na koti lake begani bila kuambiwa.

Je, wajua mlango wake ukoje? Kutoka barabarani hupandi moja kwa moja. Ngazi zinagawanyika mikono miwili, katikati kuna chemchemi yenye umbo la kombe la baharini, halafu unatokea kwenye baraza yenye nguzo na matao. Ukiingia ndani, inua macho: dari imechorwa wanawake wanaocheza, kazi ya mchoraji Saverio Fresa. Roshani zimepangwa moja juu ya nyingine kuuzunguka ukumbi, kama ilivyo desturi kwao Italia.

Je, wajua roshani hizo zilikuwa za nini? Kule Milano, jumba la La Scala lililofunguliwa tarehe 3 Agosti 1778 lilijengwa kwa fedha za familia tajiri zilizonunua roshani zao. Roshani ilikuwa mali ya familia. Watu walikwenda kusikiliza, ndiyo, lakini pia kuonekana.

Je, wajua San Carlo la Napoli ni kongwe kuliko La Scala kwa miaka 41? Lilifunguliwa 1737, likaungua Februari 1816, na Januari 1817 watu walikuwa wamekaa tena vitini. Chini ya mwaka mmoja! Mfalme alitaka, na mafundi wakafanya.

Je, wajua moto ndio adui mkubwa wa majumba haya? La Fenice la Venezia liliungua 1836, likaungua tena Januari 1996. Mara ya pili mafundi wawili wa umeme walilichoma makusudi, wakikwepa faini ya kuchelewesha kazi. Venezia ni mji wa maji, lakini mifereji ya jirani ilikuwa imekaushwa ili isafishwe, na wazimamoto wakakosa maji ya karibu. Lilifunguliwa upya Desemba 2003. Nasi moto tunaujua: ukumbi wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, uliokuwa na paa la makuti, uliteketea 2002, ukajengwa mwingine.

Je, wajua nani hakutakiwa ndani ya jumba la Asmara? Wenyeji. Sheria za ubaguzi za utawala wa Mussolini, miaka ya 1930, ziliwatenga Waeritrea na Wazungu katika maeneo ya starehe na hata makazi. Mwaka 1937, kwenye barabara hiyohiyo, ikafunguliwa sinema ya Impero, iliyosanifiwa na Mario Messina. Jina lenyewe lilisifu himaya. Himaya hiyo haikudumu: Aprili 1941 Waingereza waliingia Asmara.

Je, wajua nani walikuja kulishika jukwaa la jumba hilo la opera? Hapa ndipo ninapopapenda kuliko pengine pote katika habari hii. Mwaka 1961 wasanii wa Asmara waliunda chama cha maigizo na muziki, Mahber Theatre Asmara, wenyewe wakikiita Ma.Te.A. Walicheza michezo, wakachekesha, wakapiga gitaa la umeme. Humo walikuwamo Tewolde Redda, Tebereh Tesfahunegn na Alamin Abdulatif. Mwaka uliofuata Ethiopia ikalifuta shirikisho lake na Eritrea na kuimeza nchi hiyo. Kuanzia hapo kusema wazi kulikuwa hatari, basi wakaimba mapenzi. Mpenzi aliyeporwa, mpenzi anayesubiriwa: mkaguzi wa serikali alisikia habari za wachumba, ukumbi ukasikia habari za nchi. Jumba ambamo mwenyeji hakutakiwa likawa mahali pa mwenyeji kusema yaliyomkaa moyoni.

Je, wajua Mogadishu nako Waitaliano walitawala, lakini Ukumbi wa Taifa wa Somalia ulijengwa na Wachina, 1967? Vita viliuharibu, na Aprili 2012, muda mfupi baada ya kufunguliwa tena, ulilipuliwa kwa bomu katikati ya sherehe. Septemba 2021 ulionyesha filamu, na watu wakakata tiketi wakaingia.

Je, wajua Julai 2017 UNESCO iliingiza Asmara katika orodha ya Urithi wa Dunia? Si jumba moja tu, bali mji wenyewe: sinema zake, makanisa na misikiti yake, kituo cha mafuta cha Fiat Tagliero chenye mabawa ya zege, na jumba la opera la Cavagnari likiwamo.